Ngozi ya Mweri

Kitendawili! Sema tega. Akiwa hai ananiamsha, akifa ananilaza. Ni nani huyo? Usikimbilie kujibu. Liweke jibu chini ya ulimi kama peremende, usilitafune mpaka nikufikishe Njoro.

Mwaka ule wa 2008, Jumamosi moja ya Agosti, baridi ya Njoro ilikuwa ile ya kuuma masikio. Wariara alisimama nyuma ya mama yake katika ua wa hosteli moja, mikono ameificha ndani ya sweta la kupewa. Chuo kilikuwa kimemwita aje kusoma mambo ya kilimo, lakini vitanda vya ndani ya chuo havikutosha wote walioitwa. Waliokosa walijitafutia vyumba nje. Mama Manju, Mhindi wa Milimani mwenye duka la vitambaa mjini Nakuru, alikuwa na hosteli ya wasichana karibu na lango la chuo, na siku hiyo aliwaita wazazi na watoto waje waone kwa macho na waulize kwa midomo.

Mama yake Wariara, Wangare, hakuja kuuliza. Alikuja kunusa. Tangu Januari, ghasia za uchaguzi zilipowafukuza shambani, walikuwa wakiishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho Nakuru, na jioni ya kuamkia siku hiyo, akifunga kitambaa kichwani, alikuwa amesema, "Nikiona mahali naweza kukuacha na nikapata usingizi, utasoma. Nisipoona, Jumatatu tunaenda Ol Kalou kwa mjomba wako, ukalime viazi. Hiyo mambo ya chuo tusahau." Na Wangare hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili. Wariara hakulala usiku huo akikiombea kitanda asichokijua, cha kulala peke yake, chenye paa la mabati juu yake badala ya turubai linalopigapiga.

Uani watu walikuwa wamegawanyika bila kuambiwa na mtu. Watu wa kabila la Wariara walijikusanya karibu na tangi la maji, Wakalenjin karibu na kamba za kuanikia nguo. Katikati palibaki nafasi ambayo hata kuku anaivuka bila kufikiri, lakini siku hiyo hakuna mtu aliyeivuka.

Maswali yalianza kwa upole.

"Maji ya kuoga ni moto?"

"Ya moto ni ya kujichemshia huko jikoni," alijibu Mama Manju, rundo la funguo mkononi. "Kwa chumba hakuna kupika. Mtu akiniunguzia godoro, analala na majivu yake."

"Na wageni wanaume?"

"Wanaishia kwa Makokha."

Makokha, bawabu, aliinua rungu lake pale getini. "Kijana akileta maua aniachie mimi. Niko na mbuzi nyumbani, wanapenda sana."

Wasichana wakacheka, na kwa muda mfupi ua ukawa ua tu. Kisha Mburu akakohoa. Alikuwa mzee wa mjini, muuza spea za magari, kofia kaisukuma nyuma ya kichwa, na alisimama upande wa tangi.

"Tuache mchezo. Watoto wetu watalala na nani?"

Kicheko kikafa. Hilo ndilo swali lililowatoa wote makwao, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake awe wa kwanza kulitoa mdomoni.

"Vitanda ni viwili kila chumba," akasema Mama Manju. "Na sheria yangu ni moja. Vitanda viwili vya chumba kimoja havichukui kabila moja."

Basi ua ukalipuka.

"Mathe, unataka kutuletea vita mpaka ndani ya blanketi?" akauliza mama mmoja wa upande wa kamba. "Afadhali wangu alale na nyoka. Nyoka ukimpisha anapita."

"Nyinyi wenyewe ndio nyoka," akasema Mburu.

"Mzee, funga huo mdomo kabla hatujakumbushana nani alianza."

"Tukumbushane! Si mko na ulimi leo? Januari mlikuwa na viberiti."

"Na nyinyi kule Nakuru mjini mlikuwa na nini? Maandazi?"

"Tunataka chumba hakina madoadoa," akapaza mtu sauti, na neno lile la kuwaita watu wa kabila jingine, ambalo mwaka ule lilikuwa limeua watu, likawafanya wanawake wa upande wa tangi wasogee mbele kama mtu mmoja.

Mama Manju aligonga tangi kwa funguo zake mpaka masikio yakauma.

"Sikizeni! Krismasi wasichana wengine hawakuenda kwao, walibaki hapa kwangu. Nilikuwa nimewapanga kabila kwa kabila, nikisema hiyo ndiyo amani. Moto ulipowaka, kila mlango ulijifunga. Hakuna chumba hata kimoja kilikuwa na msichana wa kusema, huyu namjua, huyu nimelala naye, mwacheni. Niliwatoa kwa dirisha la nyuma, mmoja mmoja, na mikono yangu hii."

"Wewe Muhindi unajua nini na mambo yetu?" akasema Mburu. "Yako ni duka tu."

"Nimezaliwa Rongai kabla wewe uote meno, boss. Nyanya yangu alichomwa hapahapa Nakuru. Lakini yeye walingoja afe kwanza."

Mburu akaivuta kofia yake mbele. Hata Makokha alishusha rungu.

Wangare alimshika Wariara mkono. "Twende. Nimeona ya kutosha."

"Mama, hata hatujaona chumba!"

"Nimeona watu. Chumba ni watu."

"Kimebaki kitanda kimoja tu," Mama Manju akawaita, kwa sababu alikuwa ameona sweta la kupewa na viatu visivyolingana na sweta. "Kile chumba cha pembeni. Msichana wa kitanda cha kwanza alifika asubuhi. Na amemtaja wako kwa jina, lile mliloandikisha getini."

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Chepkurui.

Chepkurui binti Kimaiyo! Kule Rongai shamba lao na la kina Chepkurui yalitenganishwa na ua wa mchongoma tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu walilolipanua wao wawili wakiwa watoto. Walisoma darasa moja, walikopeshana kamba za viatu. Na ng'ombe wa kina Wariara, Mweri, alikuwa na mazoea ya kupitisha kichwa tunduni akalamba chumvi ya upande wa pili. Mweri alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, na doa la begani lilikuwa limepinda kama mwezi mchanga, ndipo akaitwa Mweri, yaani mwezi. Kila alfajiri mlio wake ndio uliomtoa Wariara kitandani, akamkamue kabla ya shule.

Siku moshi ulipotokea ng'ambo ya pili, lori lilikuja kuwachukua watu na halikuwa na nafasi ya ng'ombe. Wangare alimkokota Mweri kwa kamba ya buluu mpaka kwenye geti la Kimaiyo. Akagonga. Akaita, "Baba Chepkurui, niwekee huyu!" Pazia lilitikisika, mlango haukufunguka. Akamfunga Mweri kwenye nguzo ya geti, akakimbilia lori. Huko kambini alipiga simu mara nyingi. Kimaiyo alikuwa akipokea, anavuta pumzi, anakata. Na kila jioni hemani, Wangare akigeuza ugali, alikuwa akiuliza sufuria swali lilelile: "Ng'ombe wangu alienda wapi?" Sufuria haikujibu.

"Kumbe ni nyinyi," Wangare akasema sasa, taratibu. "Mmemaliza shamba, mmefika na kitandani."

"Mama Wariara, shikamoo," akasema Chepkurui.

"Salamu yako ikae kwako."

"Nilisikia Wariara ameitwa chuo hiki. Ndio nikaomba..."

"Uliomba nini? Umlalie macho? Umhesabie pumzi?"

"Mama Manju," Makokha akaingilia, "huyu msichana ako na gunia chini ya kitanda. Asubuhi alikataa nisifungue."

Loo! Maneno yale yalikuwa petroli. Mburu alikuwa wa kwanza kuivuka ile nafasi ya katikati. "Gunia? Tunajua wanabeba nini kwa gunia! Litoe hapa!"

"Usimguse mtoto wetu!" wakapiga kelele wale wa kamba, nao wakavuka, na sasa ua mzima ulikuwa vifua na viwiko.

"Panga ndizo hizo!"

"Mishale!"

"Rudini nyuma!" Mama Manju alipiga kelele, lakini sauti yake ilimezwa.

Chepkurui aliingia ndani, akatoka na gunia la mahindi lililoshonwa mdomo kwa sisali. Hakulia. Aliukata uzi kwa meno, akalishika pembe na kulitikisa. Kilichoanguka sementini hakikuwa chuma. Kilianguka kwa mlio mkavu, kama mlango wa mbao, kikajikunjua nusu.

Ngozi ya ng'ombe. Nyeusi, yenye madoa meupe. Na pale begani, mwezi mchanga.

Watu wote waliona ngozi tu. Wariara alimwona Mweri.

Wangare alitoa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia, hata ile siku ya lori. "Mmemla, halafu mnaniletea nguo zake! Umekuja kunitandikia ng'ombe wangu, mtoto wangu alale juu yake akichekwa? Shetani wewe!" Akaitemea mate sementi, karibu kabisa na viatu vya Chepkurui.

"Si ya kutandika! Ni yako!" Sauti ya Chepkurui ilipasuka. "Kwetu mtu akikuwekea ng'ombe, ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi, mkononi. Hasemwi kwa simu. Ukimsema kwa simu ni kama umemwiba mara ya pili. Baba hakujua aseme nini kwa simu. Alibeba hii ngozi mpaka geti ya kambi, akaona vile watu wanamwangalia, akarudi nayo. Akaniambia, nyinyi mtasoma pamoja, wewe utamfikia."

"Nani alimwekea? Mlango ulikuwa umefungwa!"

"Ulisema niwekee. Tulisikia. Kwetu hiyo imetosha."

"Uongo wa mchana!" akasema Mburu.

"Mzee, hii si spea," Mama Manju akamwambia. "Nyamaza."

Wangare akaigeuzia ngozi mgongo. Akamvuta Wariara. "Jumatatu, Ol Kalou."

Wariara aliling'ang'ania lile dirisha la chumba cha pembeni kwa macho. Ndani aliona kitanda cha pili, chuma kimepakwa rangi mpya, hakijalaliwa na mtu. Akajua kwamba hatua moja zaidi kuelekea getini na hatakiona tena maisha yake yote. Akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Mama, kila jioni unauliza sufuria. Sufuria haina mdomo. Huyu anao. Si umuulize yeye?"

"Wariara!"

"Muulize. Kama hataki kujibu, nitalima viazi na sitanung'unika hata siku moja."

Wangare alimtazama binti yake kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akainama, akaigusa ngozi pale kwenye mwezi, na vidole vyake vikakaa hapo. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilitisha kuliko makelele.

"Chepkurui, nisikize. Wasike, yule wa kukusanya maziwa, alipita kwenu siku zile. Alikuja kambini akaniambia alichokiona. Kwa hivyo jibu ninalo. Nataka kulisikia likitoka kwenu. Ukiniambia ukweli wote, hata uwe mchungu kama subili, mtoto wangu atalala kitanda hicho. Ukinipunguzia hata kidogo, nitajua, na ninamchukua. Ng'ombe wangu alienda wapi?"

Upande wa kamba, mtu mmoja akaita kwa Kikalenjin, kwa ukali. Wariara hakujua maneno, lakini alijua maana: usiseme. Chepkurui hakugeuka. Alikuwa anamtazama Wangare.

"Walikuja kesho yake asubuhi," akasema. "Wengine tunawajua. Wakaona ile kamba ya buluu, wakajua si yetu. Wakamwambia baba, huyu ni ng'ombe wa adui, mchinje tuone. Usipomchinja, basi na nyinyi ni wao. Wakaanza kumwaga petroli kwa mlango. Baba akamchinja hapo mbele ya nyumba. Mweri alikuwa amezoea mkono wake, hata hakupigana."

"Endelea," Wangare akasema.

"Wakachoma nyama. Wakasema hawaondoki mpaka waone na sisi tumekula."

"Endelea."

"Mama alishindwa kumeza. Baba alikula huku anatapika."

"Na wewe?"

Chepkurui aliangalia chini, akaangalia ngozi, kisha akainua uso.

"Tulikuwa hatujakula siku nyingi, Mama Wariara. Mimi nilimeza. Nikaongeza. Na nyama ilikuwa tamu."

Wangare akaiokota ngozi, akaingia chumba cha pembeni, akaitandika kwenye kitanda cha pili.