Wale Watatu wa Simu za Zamani

Mume wangu Rutaihwa alifariki jana asubuhi. Maziko yakapangwa leo saa kumi, kibanjani kwetu Ijuganyondo. Mwanetu Ildefons hakuwa na habari. Aligombana na baba yake miaka minne iliyopita akaenda kuvua samaki kisiwani Bumbire, na namba yake hatuna. Pasaka, Minza, muuza samaki aliyekuwa akienda Bumbire, aliniletea sato na neno moja: "Mama, mwanao kila jioni anasoma matangazo yenu kwenye simu yake kuukuu." Baadaye Minza naye akarudi kwao Geita.

Matangazo hayo ya kigango yako kwenye tovuti ya mjukuu wangu Kokuberwa. Jana aliweka la msiba, nikatulia.

Leo saa nne jirani yetu Karugendo alileta ndizi na kuni. "Kokuberwa, tovuti yenu imekufa? Kwangu ni nyeupe tu."

Kokuberwa aliitazama simu ya Karugendo, ya zamani, kioo kimepasuka. Akakaa chini.

"Bibi, nimekosa. Mwezi uliopita niliibadilisha, ikawa haifunguki kwenye vivinjari vya zamani."

"Vivinjari ndiyo nini?"

"Programu za kufungulia tovuti. Tovuti ilinionyesha waliobaki na za zamani ni watatu tu. Nikasema, watatu ni nini?"

Mmoja ni Karugendo. Nilimfikiria mwingine, akitazama weupe kila jioni, akidhani tumemfungia mlango.

Kokuberwa alianza kuirekebisha, akifuta na kuandika huku akilia. Karugendo hakumkaripia. Alikaa naye nyasini, simu mkononi.

"Na sasa?"

"Bado, mwanangu."

Nilimwendea shemeji yangu Projestus, aliyesimamia maziko. "Tungoje hadi kesho."

"Shemeji, padri ameshafika. Miaka minne hakuja, aje leo?"

Nilipiga magoti. Akageuka akaondoka.

Saa nane na nusu tovuti ikafunguka kwenye simu ya Karugendo, maandishi bila picha. Saa tisa Kokuberwa akapiga kelele: "Kuna mwingine amefungua! Simu ya zamani!"

"Ni yeye?"

"Sijui, Bibi. Haionyeshi jina."

Hata kama ni yeye, ziwa asingelivuka kwa saa moja. Tukazika. Udongo ulipokaribia kujaa, Projestus akawazuia vijana, akachomeka koleo kwenye kifusi kilichobaki.

"Hiki kiacheni," alisema bila kunitazama. "Akija, amalizie."

Karugendo ameniachia simu yake. Nasoma tangazo polepole: jina la mume wangu, kisha majina ya watoto. La Ildefons ni la kwanza.