Waliosimama Douglas Alipoingia

Masanduku ya Adelino yalikuwa yameshatiwa kwenye buti ya gari, na jioni ile angepanda ndege kurudi kwao Ureno. Lakini alipitia kwanza Blacktown, pembeni mwa Sydney, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akafanye mkutano wake wa mwisho. Mtu huyu alianza kama mchomeleaji vyuma kwenye karakana ya meli huko Setúbal, akaongoza mgomo wa kwanza kabla ndevu hazijamjaa. Sydney alikuja kusafisha ofisi, akaishia kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Katikati hapo kafungwa, kafukuzwa kazi, kaachwa na mke. Basi, ndiyo maisha yake hayo.

Anésie, mfuaji nguo wa nyumba hiyo, alikaa nyuma karibu na mlango. Alikuwa kibarua: shifti zake zilikuja kwa meseji, na bosi akikasirika, meseji haiji tu. Hakuna anayekwambia umefukuzwa. Mumewe aliumia mgongo, hafanyi kazi tena. Asubuhi alimwahidi, "Nitasikiliza tu. Sitajionyesha."

"Wameongeza vitanda, hawajaongeza watu," Adelino alisema, na Shirleen, nesi Mkenya, akawatafsiria wafanyakazi Warundi kwa Kiswahili. "Kesho asubuhi tuweke kazi chini. Anayekubali asimame. Sitaki mikono. Mkono ni rahisi kuushusha."

Shirleen alikuwa wima tayari. Wengine wote wamekaa.

"Wasee, kwani ni nini?" Shirleen akafoka. "Kwa WhatsApp mko na mdomo, hapa mmekuwa maboga!"

Watu wakacheka kwa woga. Mlango ukafunguliwa, akaingia Douglas, meneja, na kikombe chake cha kahawa.

Anésie akasimama. Siméon, anayesukuma vitanda, akasimama. Warundi wote wakasimama. Kule Kibondo, Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi walikotoka, mkubwa akiingia unasimama. Hufikirii, miguu inajua yenyewe.

Macho ya Adelino yakajaa machozi. Douglas akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe ni nyinyi," alisema.

Siméon ndiye aliyeshtuka kwanza. "Dada, keti chini," alinong'ona. "Huyu anafikiri tumegoma." Kisha kwa sauti: "Boss, mimi nanyoosha mguu tu!" Akaketi. Wengine nao wakaketi haraka haraka, viti vikigongana. Adelino akainamisha kichwa.

"Na wewe, Anésie?" Douglas aliuliza kwa upole. "Unanyoosha mguu?"

Anésie alishika kiti cha mbele yake. Alifikiria nyumbani. Akafikiria mashuka ya kila asubuhi, yaliyolowa mkojo hadi kwenye godoro kwa sababu usiku kucha hakupita mtu kuwabadilisha wazee.

"Nilisimama kwa heshima yako, boss," alisema. Hakuketi.

Mgomo haukufanyika, watu wawili hawagomi. Adelino anaishi kwa dada yake Setúbal, kifua kinamsumbua. Shirleen alihamia hospitali ya Campbelltown. Douglas alipandishwa cheo. Meseji ya Anésie haikuja wiki ile, wala iliyofuata. Siku hizi anasafisha vyumba vya wageni hotelini, huko Rooty Hill, na mumewe bado hajamsamehe. Kazi ya kufua alipewa Siméon. Wakikutana kanisani humsalimu Anésie kwa mikono miwili, naye humwitikia.