Goti la Wasyl Hrynkiw

Janelle wa maktaba alinikuta jikoni nakunja varenyky, vile vifuko vya kinyunya vyenye viazi ndani, unga mpaka viwikoni. Alikuja na kinasa sauti na rundo la karatasi. Ilikuwa inatimia miaka arobaini tangu timu ya mpira wa kudaka na kuangushana ya mji wetu wa Fort Carrow ife, na maktaba imeamua kuiandikia kitabu cha historia. Nikamwambia akae, ila asiniguse sahani. Mume wangu Wasyl alikuwa kwenye kiti chake dirishani, anatazama theluji. Siku hizi hana anachotazama zaidi ya hicho.

"Bibi Lena, nikusomee ukurasa wa mwisho kwanza," akasema. "Ukiona kosa uniambie."

Akasoma: "Timu ya Korongo ilianzishwa mwaka 1912 na mafundi wa reli. Ilivuka vita viwili vya dunia, miaka ya ukame, na moto ulioteketeza jukwaa lote la mashariki. Ilikufa Novemba 1961, kwa sababu mtu mmoja alisahau kupiga teke."

Nikaacha kukunja. Miaka arobaini nimelisikia neno hilo kwa kinyozi, kanisani, kwenye foleni ya mkate. Lakini sikuwahi kulisikia likisomwa ndani ya nyumba yangu, mbele ya mwenyewe.

"Washa hicho kidude chako," nikamwambia. "Na usinikatize."

Mimi ndiye niliyekuwa mshona jezi wa Korongo, tangu mwaka 1948 mpaka mwisho. Wengine wanaijua historia ya timu kwa mabao, mimi naijua kwa matundu. Jezi ya nambari tano iliraruka bega mwaka tuliofika fainali tukapigwa na watu wa mashariki. Ya nambari kumi na tisa nilifua damu ya pua ya Kozak mara tatu ikakataa kutoka, basi nikaipaka rangi. Timu haikuwa ya tajiri yeyote. Kila mkulima alikuwa na hisa yake moja, karatasi yenye muhuri wa ndege, kaitundika sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria. Hisa haikumpa kitu, ila haki ya kumfokea kocha siku ya mkutano, na wenzangu walivyopenda kufoka, hiyo ilitosha.

Mwaka ule wakubwa wa ligi walikuwa wametuchoka. Mji mdogo, baridi kali, viti vya mbao. Wakaandika barua: Korongo wakifika fainali ya kombe, tutawaacha ligini, wasipofika, nafasi yao inakwenda mji mwingine. Kwa hiyo ile nusu fainali dhidi ya watu wa ng'ambo ya milima haikuwa mechi, ilikuwa roho ya mji mzima. Wanawake walifunga kula nyama. Padri alisali misa mbili, na ni mtu ambaye hata mpira wenyewe ulikuwa haumpendezi.

Wasyl alikuwa mdakaji wetu wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kuusubiri mpira unaopigwa na wapinzani kwa mbali, kuudaka, na kukimbia nao huku wanaume kumi na wawili wanamjia kumvunja. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Wiki mbili kabla ya mechi ile alipigwa goti la kulia, na hakumwambia mtu. Msaidizi wake alikuwa amevunjika mtulinga tangu Septemba.

Asubuhi ya mechi goti lilikuwa limevimba hata suruali haipandi. Nikamwambia, "Baba Orysia, nenda kamwambie kocha. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikamwambie, halafu adake nani? Stan wa benki? Yule mpira ukimjia anafumba macho."

"Afadhali Stan kuliko kilema."

"Mama Orysia." Akanishika mkono. "Timu ikifa leo, nataka ife mimi nikiwa uwanjani. Nisaidie. Nifunge."

Ningekataa, yasingetokea yote haya. Lakini na mimi niliipenda timu ile, mjinga mimi, pengine kumzidi. Nikachukua turubai, nikamzungushia gotini. Nikaona litalegea. Basi nikafanya ninachokijua: nikalishona. Sindano nene ya kushonea kinga za mabega, uzi wa nta, mishono arobaini na miwili kutoka juu mpaka chini, turubai limembana kama ngozi ya ngoma. Akazunguka meza mara mbili.

"Linakunjika kidogo tu," akasema. "Kukimbia naweza. Kupiga teke siwezi."

"Nani kakutuma upige teke? Mpigaji ni Kozak. Wewe daka, kimbia."

Hayo maneno ni yangu. Yaandike, Janelle.

Uwanjani kocha Tasker alinifuata kwenye chumba cha nguo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye macho ya kuona kila kitu.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "Bill anachechemea, au macho yangu?" Timu nzima ilimwita Wasyl Bill, jina lake liliwashinda.

Nikacheka. "Kateleza jana kwenye barafu akitupa takataka. Ndio mwanaume wenu huyo, kocha, anaogopwa na milima yote na anaangushwa na ndoo."

"Niambie kweli, Lena. Nikimweka, ni mzima?"

"Mzima kabisa."

Akanipiga begani akaondoka. Aliniamini, kwa sababu miaka kumi na mitatu sikuwahi kumdanganya hata kuhusu kifungo. Siku ile ulimi wangu haukuteleza hata kidogo.

Sasa sikiliza, maana vijana wa leo hawaijui sheria hii vizuri. Wapinzani wakiupiga mpira ukaingia eneo la goli lako, na mtu wako akaukamata akaangushwa humo humo, wao wanapata pointi moja. Kuna njia mbili za kujiokoa: ukimbie nao utoke, au uupige teke utoke wenyewe. Kila mchezaji anaruhusiwa kupiga, awe nani. Wazee wetu walitulea na sheria hiyo. Hata shangazi yangu asiyejua kusoma alikuwa anaijua.

Zilibaki sekunde nne. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wapinzani wakajaribu kuupitisha mpira kati ya milingoti kutoka mbali. Ulikuwa umeganda kama jiwe, ukaenda upande. Watu wakaanza kushangilia. Ukaangukia ndani kabisa ya eneo la goli letu, na Wasyl akaudaka.

Watu elfu kumi na tano wakapiga kelele kwa pamoja. "Piga! Piga teke!" Padri anapiga kelele, mama yangu anapiga kelele, Tasker anaruka juu chini pembeni ya uwanja. Teke moja tu, mpira utoke, tuingie muda wa nyongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mstarini na sindano yangu kwenye kola. Wasyl hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Nikauona mguu wa kulia ukinyanyuka kidogo, ukakataa, ukarudi chini. Wa kushoto asingeweza, maana angesimamia upi, huo wa kulia?

Basi akakimbia. Hatua tano. Ya sita goti likamsaliti, watu wanne wakamlalia. Ilibaki hatua moja atoke.

Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Watu hawakuondoka. Walikaa kwenye mbao na baridi yao, wengine mpaka miguu ikafa ganzi, kana kwamba mtu angetokea kusema turudie.

Niliingia chumba cha nguo kukusanya jezi, kapu mkononi. Wanaume wote walikuwa pale, hakuna aliyevua hata kiatu. Tasker alisimama mbele ya Wasyl.

"Kwa nini hukupiga?"

Wasyl aliinua kichwa, akaniona mlangoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Haki ya Mungu nilikuwa nimeufungua.

"Nilisahau," akasema haraka.

"Umesahau?"

"Kichwa kiliganda, kocha. Nilisahau kama naruhusiwa."

Tasker alitupa kofia chini akatoka. Kozak aliangua kilio, jitu zima la kilo mia. Mtu mmoja, simtaji maana kesha kufa, alimtemea Wasyl mate kwenye kiatu. Na mimi nikafunga mdomo wangu, nikaanza kukusanya jezi.

Nyumbani nilifumua ile mishono kwa mkasi. Turubai lilikuwa limeingia kwenye nyama. Nikalia, nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Kwamba mke wangu alimdanganya kocha? Wangekutafuna, Lena. Mimi nimeshatafunwa tayari, nimebaki mfupa. Wewe una cherehani, na watu wa kushonewa ni hawa hawa. Mmoja wetu lazima aaminike mjini hapa."

Nikalitupa turubai kwenye jiko, likaungua. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, na kwa moyo mwepesi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwezi Machi wakafunga ofisi ya timu. La kuvunda halina ubani. Mimi nikashona magauni ya harusi ya mabinti wa watu waliomcheka mume wangu. Yeye akapokea ngano ghalani miaka ishirini na minane zaidi. Kila mkulima aliyeleta gari lake alikuwa na mzaha ule ule: "Bill, usisahau kufunga mlango!" Na Wasyl anacheka nao. Kuchechemea kwake aliisingizia ngazi ya ghala. Mara tatu nilitaka kusema. Mara ya kwanza Orysia alikuwa anaolewa. Mara ya pili kocha Tasker alikuwa kitandani anakufa, na nilifika hadi mlangoni kwake na sahani ya keki, nikaacha keki nikarudi. Ya tatu niliogopa tu. Wanasema majuto ni mjukuu; mimi ya kwangu yameshaniletea vitukuu.

Halafu miaka miwili iliyopita Wasyl akaanza kusahau kweli. Funguo kwanza. Njia ya kurudi kutoka dukani. Jina la Orysia, binti yake wa pekee. Na asubuhi moja akaniuliza, uso umemkunjamana kwa aibu, "Lena, kwa nini sikupiga?"

Nikamwambia ni goti. Akafurahi mpaka akalia. Ilipofika chakula cha mchana jibu limeshapotea. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Kuna siku namjibu mara nne. Uongo aliousema kwa ajili yangu umemrudia yeye, anauamini, unamuuma upya kila anapoamka, na mimi ninayeujua ukweli nimebaki peke yangu na moyo wangu mbovu. Daktari ameshaniambia nisipande ngazi. Nikifa leo, kitabaki kile ulichosoma.

Hapo nikarudi kwenye unga wangu. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Janelle alikuwa amekunja karatasi yake bila kujijua.

"Bibi," akasema taratibu, "kuna mtu mwingine aliyejua? Kuna chochote ninachoweza kuonyesha? Mhariri atasema mke anamtetea mumewe."

"Turubai nilichoma. Yupo yeye tu."

Tukamgeukia Wasyl. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, na magoti yangu mimi si ya kupigwa tena. Nilimshika mikono yote miwili, nikamjaza unga.

"Baba Orysia. Siku ile ya watu wa milimani. Mwambie huyu binti kwa nini hukupiga. Ni goti, si ndiyo? Nilikushona. Sema goti tu, nakuomba, neno moja, kisha sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Alinitazama kwa muda mrefu. Wiki nzima hakuwa amenitazama hivyo. Akauchomoa mkono mmoja, akauweka juu ya goti lake la kulia, akalifunika, kama mtu anayeficha kitu kwa wageni.

"Usimsikilize huyu mama, mwanangu," akamwambia Janelle. "Yeye hana kosa. Nilisahau."

Janelle alipangusa macho kwa mkono wa sweta. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haishuki.

"Sasa niandike lipi, Bibi Lena?"

Nilishikilia kiti nikainuka, mara ya kwanza nikashindwa, ya pili nikaweza.

"Andika jina langu," nikasema. "Lena Hrynkiw, mshona jezi. Kocha aliniuliza kama ni mzima, nikamwambia mzima kabisa. Andika hivyo hivyo, kisha unisomee, na yeye asikie."

Akaandika, akasoma kwa sauti. Wasyl alikuwa amesharudi kutazama theluji, mkono bado umefunika goti.