Saa Sita za Bwana Husni

Kila kompyuta mpya ilipoletwa katika ofisi ya boti pale Amu, Raihana alikuwa na kazi moja: kuhakikisha programu aliyoiandika marehemu Bwana Husni inajengeka humo. Programu ilikuwa na umri wa miaka ishirini, waliounda lugha yake walishaitupa, na kila mashine mpya iliikataa kama mtoto anavyokataa uji. Raihana aliibembeleza mashine. Hesabu za mzee hakuzigusa. Humo ndimo ilimotoka ratiba ya boti ya wagonjwa wa Kiwayu, inayopita mkondo wa Mkanda maji yakijaa tu.

Ndipo akaletwa Hudson, afisa wa teknolojia kutoka bara, mwenye shati lililonyooka na vyeti vya kufunika ukuta. Aliitazama programu akacheka. Akasema hayo ni makumbusho, yeye ataijenga upya kwa mchana mmoja, na Ijumaa jioni ile ya zamani ifutwe. Raihana alikasirika. Ikifutwa, ni mjamzito gani wa Kiwayu atakayengojea boti isiyofika?

Kweli Hudson aliijenga kwa mchana mmoja. Kila mstari ambao mashine iliulalamikia, aliukata. Mmojawapo ndio uliokuwa ukiongeza saa sita. Manahodha wa Amu huandika kwamba maji yamejaa saa nne asubuhi, na kwa kompyuta saa hiyo ni kumi. Hudson aliona ni kosa la uzee. Raihana alimweleza mara mbili, akajibiwa kwamba watu siku hizi wanataka grafu zenye rangi.

Ijumaa alasiri Hudson akawapakia wakubwa wake wawili botini ili awaonyeshe ratiba yake ikifanya kazi. Nahodha Bakr alimwambia maji yanatoka. Akaonyeshwa simu: ratiba mpya ilisema yanajaa. Bakr, mtu mtiifu sana siku hiyo, akawasha injini.

Saa kumi na nusu Raihana akapigiwa simu. Boti ilikuwa imekaa juu ya tope la Mkanda, wakubwa wamekunja suruali, na Hudson alimwomba, kwa sauti ya chini, asiifute ile ya zamani.

"Siifuti," alisema Raihana kwa Kiamu chake. "Yasema mai yatarudi saa nne na nusu usiku."

"Na hakuna njia ya kutoka kabla ya hapo?"

"Hakuna, bwana. Waonyeshe grafu."