Nitamfundisha Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Profesa, na mama yake mshonaji hakulikataa jina hilo hata siku moja. Msichana wa miaka kumi na sita, wa kwanza darasani tangu mdogo, alikuwa hajawahi kuinjika hata sufuria ya chai. Akisogelea tu mlango wa jikoni, mama alimfukuza kama anafukuza kuku.

"Rudi kwenye daftari lako. Jiko hili halikuulizi fomula."

Jirani yao, muuza mboga, alizoea kukaa kizingitini kwake akifunga mafungu yake huku akimchokoza. "Mwenzangu, huyo Profesa wako ataolewa na kamusi?"

"Wewe cheka. Mimi niliishia shule ya msingi, nikajua kupika, kufua na kushona. Nimefika wapi? Nimefika kwenye cherehani."

"Basi ajue hata kuwasha kiberiti!"

"Atajua. Haraka ya nini?"

Mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi. Shule ilikuwa na chumba kidogo chenye majiko mawili, ndoo ya mchanga na sanduku la bandeji. Kila Ijumaa mchana, wanafunzi walifundishwa humo kufunga kidonda, kushona kifungo, kupika bila kujiunguza. Zamu ya darasa la Profesa ilikuwa imefika, lakini mwalimu mkuu alitaka kipindi hicho kiwe cha hesabu. Mwalimu wa somo lenyewe, mama mtu mzima ambaye hata kikaoni alikuja na aproni, alisimama akaomba.

"Watoto hawa wanaujua moto kwa kuuandika. Niachieni muhula mmoja tu niwaonyeshe."

Watu wakatazamana. Mshonaji akapiga moyo konde, akainuka.

"Mwalimu, kwa heshima yako. Sikumleta mwanangu hapa aje kufundishwa jiko. Jiko liko nyumbani, na huko nitamfundisha mwenyewe. Hapa nipeni hesabu!"

Wazazi walipiga makofi, wengine wakagonga madawati. Mikono ikanyooshwa, kipindi kikafa. Mshonaji alitoka kifua mbele. Langoni, yule mwalimu akamshika kiganja.

"Mama Profesa, ulivyosema pale, ufanye kweli. Tafadhali."

"Nitafanya, mwalimu. Likizo hii hii."

Likizo ilikuja na oda ya sare za shule, ikaisha mshonaji hajainua shingo. Akasema Jumamosi. Jumamosi mtoto alikuwa na masomo ya ziada. Mwishowe akasema, basi, amalize mtihani kwanza. Hakuwa mvivu wala mwongo, jamani. Wewe mwenye mtoto wa namna hiyo unajua: ukimwona anakaribia shule kubwa ya sayansi, unaogopa hata kumpumulia.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika mtihani. Jumamosi mchana mshonaji alikuwa dukani, mguu kwenye pedali, akiunga kola, muuza mboga alipoingia miguu mitupu, ameshika shuka lililoloa na kuungua pindo.

"Funga duka twende."

"Kuna nini?"

"Twende, mwenzangu. Nitakwambia njiani."

Njiani akamwambia. Profesa alimwona mama yake akitoka asubuhi bila kutia kitu tumboni, akataka amkaangie viazi ampelekee dukani. Alimimina mafuta kwenye sufuria, akawasha gesi, kisha akarudi mezani kumalizia hesabu moja wakati yakipata moto. Hesabu ikamshika. Aliporudi jikoni, sufuria ilikuwa inawaka. Kifuniko kilikuwa pale pale pembeni. Yeye akakimbilia ndoo ya maji, akayamwaga yote juu ya sufuria.

"Moto ulipanda mpaka darini," muuza mboga alisema. "Nilisikia mlio, nikadhani mtungi umepasuka. Nilimkuta amesimama, mikono ameinyoosha mbele, wala halii. Nikalichovya shuka majini, nikamfunika. Majirani wamezima moto, wamempeleka hospitali."

Hospitalini, mshonaji hakujua amshike wapi mwanawe. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwiko, na shavu moja na shingo vilevile. Akamshika kidole cha mguu.

"Mama," Profesa alisema, sauti imemkauka, "mafuta ni mepesi kuliko maji. Maji yanazama chini, yanageuka mvuke papo hapo, yanayarusha mafuta juu. Nayajua hayo. Niliyaandika kwenye jaribio, nikapata alama zote."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

Mtoto akaikazia macho dari, kama alivyozoea kulikazia macho swali gumu.

"Sikujua kuwa ndiyo mafuta yale yale."

Daktari hakumung'unya maneno. Vidole vya mkono wa kulia vimeungua mpaka ndani, ngozi itavivuta na kuviunganisha. Kalamu si leo, na huenda si kamwe. Mwalimu mkuu alikuja na mfuko wa matunda, akasema ataomba mtu wa kumwandikia majibu. Ombi lilikubaliwa. Lakini asubuhi ya karatasi ya kwanza Profesa alikuwa na homa ya kidonda, anataja namba ovyo ovyo. Siku iliyofuata vilevile. Mtihani ukaisha yeye yuko kitandani.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya miezi miwili. Ukuta wa jikoni ulikuwa bado mweusi. Muuza mboga alipita kusalimia, hakutania lolote, akaondoka upesi. Mshonaji akaketi kumlisha mwanawe kwa kijiko. Mara Profesa akageuza uso.

"Mama, nilitakiwa nifanye nini?"

"Lini?"

"Siku ile."

Mshonaji akaweka kijiko chini. "Unazima gesi, kama unaifikia. Unafunika sufuria kwa kifuniko, huihamishi, huifunui mpaka ipoe. Humwagi maji. Moto ukikuzidi unatoka, unafunga mlango, unaita watu."

Profesa alisikiliza kichwa kimeinama kidogo, kama yuko darasani. Akayarudia maneno yale yote, hakukosea hata moja.

"Ulikuwa unayajua siku zote?"

"Tangu nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Na ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mwanangu."

Profesa akaitazama mikono yake.

"Mbona ni machache hivyo," alisema. "Ungeniambia hata siku moja, tukiwa tunakula."

Mama alichukua kijiko tena, maana chakula kilikuwa kinapoa na mtoto alikuwa hajashiba.