Alama Mbili Kwenye Bomba la Kiti

Siku baiskeli ya mzee wangu ilipovunjika, watu watatu walidanganya nyumbani kwetu kabla ya chakula cha jioni. Wa kwanza alikuwa Emily, mke wa mwanangu. Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa mzee mwenyewe, mume wangu Ongeri, mzee wa kanisa, ambaye kila Sabato hufundisha somo na hapendi hata mtu atie hadithi chumvi.

Emily alifika akiikokota kupitia migombani, si njia ya lango. Magurudumu yalikuwa mazima, usukani mzima, lakini fremu ilikuwa imepasuka pale juu, chini kidogo ya kiti, na kiti chenyewe kimelala kwa nyuma.

"Nilikuwa naisukuma, Mama," akaniambia kabla sijauliza. "Imeteleza kwenye mteremko wa kwenda Kebirigo, ikaanguka na ndizi."

Nikamtazama. Anayesukuma baiskeli ikaanguka, baiskeli huanguka yenyewe, yeye akabaki amesimama akilaani. Hachubuki viganja vyote viwili na magoti, kama alivyochubuka huyu. Lakini Ongeri alikuwa barazani akisikia, kwa hiyo nikapaza sauti ifike huko. "Pole, mwanangu. Mteremko ule umeniangusha hata mimi." Sijawahi kuangushwa na mteremko wowote tangu nizaliwe.

Mzee akaja, akaizunguka baiskeli yake polepole. Aliutazama ufa kidogo, akakitazama kiti sana. Kilikuwa chini mno, chini kuliko mahali ambapo mtu mwenye miguu kama yake angeweza kukikalia. "Ni kutu," akasema. "Kutu tu." Akarudi barazani.

Kwa asiyetujua, nieleze. Sisi Wagusii tuna chinsoni, yaani zile heshima za kuoneana haya baina ya wazazi na watoto, na zaidi ya wote baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumbani mwa mke huyo. Hampi mkono. Naye mke hakai kwenye kiti cha baba mkwe, hata kama kiti kiko tupu na miguu inamuuma. Wapo waliolegeza siku hizi, na hakuna aliyekufa. Ongeri hajalegeza. Emily, aliyelelewa na bibi yake kule Marani, ana msimamo kuliko hata Ongeri. Sasa nauliza, kiti cha baiskeli si kiti?

Mambo yalianza vizuri. Emily alipoanza biashara ya ndizi, akinunua mashambani kule juu na kuwauzia wenye malori pale Kebirigo, mzee aliniambia nimwambie kwamba mke wa mwanetu Ombati anaweza kuitumia baiskeli siku zisizo za kanisa, kuisukumia mizigo. Kusukuma hakuna ubaya. Katika milima hii yetu baiskeli ni punda, na punda huongozwa kwa miguu.

Jioni hiyo tulikaa jikoni tukichambua chinsaga, na Emily hakuwa akichambua chochote, alikuwa akizikatakata mboga kwa vidole.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Sema."

Akasema. Wenye malori hawamngojei mtu. Akisukuma, anafika wakati wenzake wameshauza na kuondoka. Tangu utotoni alijua kuendesha. Basi alikuwa akifika nyuma ya ua wa jirani, anatoa spana kwenye kikapu, anashusha kiti, kwa sababu mzee ni mrefu na yeye anaishia begani kwangu, nami si mrefu. Kikigoma kushuka, anakigonga kwa jiwe. Halafu anapanda. Jioni, kabla ya kufika nyumbani, anakipandisha tena na kuingia langoni akisukuma kwa adabu zake zote. Leo fremu ilipasuka akiwa juu yake, na ndizi zikatangulia.

"Baiskeli ya tata nimeiua mimi," akasema, maana baba mkwe wake humwita tata. "Fundi akisema haifai, nitaenda kwetu Marani. Kaka zangu watafute nyingine, niilipe. Siwezi kukaa hapa nikimwona anakwenda kanisani kwa miguu kwa sababu yangu."

Hapo nikaogopa kweli. Mimi nilizaa wavulana watupu, na wavulana ni watoto wazuri lakini hawakai jikoni. Nampenda Emily, nasema wazi. Na namjua. Akienda Marani kuomba baiskeli, kaka zake watauliza kwa nini, na majirani watauliza kwa nini, na tulichokuwa tumekifunika kitafunuliwa barabarani. Angerudi, ndiyo, lakini angerudi mgeni, mwenye kunisalimia kutoka mlangoni.

Mwanangu Ombati, anayefanya kazi Nakuru, alipopigiwa simu alicheka. "Uzeni tu," akasema. "Pale Keroka kuna wanaopima vyuma vikuukuu. Baiskeli ile ni ya wakati wa ukoloni." Si ya ukoloni. Ongeri aliinunua alipopata kazi ya ukarani kwenye kituo cha majani chai, na ndiyo iliyonibeba kwenda kliniki nikiwa na Ombati huyohuyo tumboni. Nilimwambia asimame hapo hapo.

"Tutaipeleka kwa fundi," mzee akasema. "Akisema imekufa, imekufa."

Fundi wetu pale Kebirigo ni Ouko, mtu wa kutoka huko ziwani, mwenye karakana karibu na kinu cha posho. Sauti yake ni kubwa kwa sababu ya kuzoea kushindana na kinu. Tulikwenda mimi na mzee, na Emily akafuata nyuma kwa mbali, eti ana mtu wa kuonana naye sokoni. Mtu huyo hakuonekana. Emily alisimama kando ya ukuta wa kinu, viganja vyake amevificha ndani ya leso.

Ouko aliilaza baiskeli, akaigonga hapa na pale kwa nyundo ndogo, akitega sikio. Akalichomoa bomba la kiti, akalifuta grisi kwa kitambaa.

"Fremu ingine yote iko sawa," akasema. "Hii chuma ni ya zamani, hawatengenezi hivi tena. Lakini hapa kwa shingo imechoka. Na si kuanguka imeleta hii, mzee. Ni kufungua na kufunga."

"Kutu," mzee akasema.

"Kutu hapana. Ona." Akainua bomba kwenye mwanga. "Iko na alama mbili. Moja huku juu, moja huku chini, zote zinang'aa. Hii kiti imekuwa ikipanda na kushuka kila siku, na mtu anaigonga na mawe. Chuma nayo inachoka, kama mtu. Sasa, ni nani hiyo anapandisha na kushusha?"

Kinu kilikuwa kimenyamaza kungoja mahindi mengine, na kila mtu alisikia. Huyu alikuwa anataka kumwaga mtama penye kuku wengi. Nilimwona Emily akitupa mgongo. Mdomo ukatangulia akili.

"Ni mimi," nikasema.

Ouko akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Wewe, mama? Unaendesha baiskeli?"

"Naendesha."

Nikangoja mzee wangu, mwalimu wa somo la Sabato, anikane mbele ya watu. Ongeri alikohoa. Akarekebisha kofia yake.

"Anaendesha," akasema. "Sana."

 Macho ya Ouko yaliniacha mimi, yakamfikia msichana aliyesimama kando ya ukuta na mikono ndani ya leso, yakarudi kwa mzee ambaye alikuwa anatazama kila kitu isipokuwa ukuta ule. Watu wa ziwani nao wana wakwe. Aliishusha sauti yake, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

"Sawa," akasema. "Mama anaendesha. Basi mimi nitawaambia ukweli. Kama mnataka kuitupa, itupeni, chuma ni nzito, Keroka watafurahi. Kama mnataka niitengeneze, naweza, na itakaa miaka. Lakini kufunga na spana haiwezekani tena, shingo imekwisha. Lazima hii bomba niiingize ndani niichomelee, ishikane na fremu ikuwe kitu moja. Kiti haitapanda, haitashuka. Itakaa mahali moja. Kwa hivyo mniambie, juu ama chini."



"Nikiweka juu," Ouko akaendelea kwa upole, "mama hatafikia pedali. Nikiweka chini, mzee, magoti itakugonga kwa kidevu."

 Ningesema chini, ningekuwa nimemvua mume wangu baiskeli yake mbele ya fundi. Ningesema juu, Emily angerudi kubeba ndizi kichwani, na kila akiiona baiskeli ile langoni angekumbuka. Kulikuwa na njia ya tatu, ya Keroka, ya kuiua isiwe ya mtu yeyote, na niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Baiskeli imekufa, hakuna aliyeikalia, mambo yameisha. Nusura niitaje.

Ongeri akainama, akalichukua bomba mkononi mwa Ouko. Alipitisha kidole gumba kwenye alama ya juu, halafu kwenye ya chini. Ya juu, ya kiti kikishushwa, ndiyo iliyong'aa zaidi. Yeye huendesha Jumamosi na siku za mazishi tu, na yule mwingine huendesha kila siku ya soko. Mimi nilimwona ndani yake kijana mwembamba aliyekuwa akija kwetu juu ya baiskeli hiyo, suruali kaibana kwa vibanio vya nguo. Nilimwonea huruma, na nilimpenda, vyote pamoja.

"Chini," akasema.

"Mzee, hutaweza kuipanda tena."

"Nimesikia. Weka chini."

"Na itakuwa ya nani, niandike jina kwa karatasi ya kazi?"

"Ya huyu mama." Akaninyooshea kidevu. "Si umesikia anaendesha? Na akichoka kuendesha, atampa anayemtaka. Mimi sitaki kujua."

Ouko akavaa miwani yake myeusi. Tuligeuka tusitazame cheche, na nikasikia chuma kikilia, na harufu ya kuungua ikajaa karakana. Alipomaliza alipiga msasa, akapaka rangi nyeusi pale shingoni, akakikamata kiti kwa mikono miwili na kukitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika. Akacheka peke yake kwa kuridhika.

Nikamwita Emily. "Njoo uchukue baiskeli yangu," nikasema. "Nimeona uendeshaji umenishinda."

Alikuja macho chini, akasimama pale panapostahili, hatua za kutosha kutoka kwa baba mkwe wake. Aliushika usukani. Akakiona kiti kilipo, akakigusa, na akaelewa.

"Asante, Mama," akasema. Aliniambia mimi, lakini sauti ilikuwa kubwa kuliko iliyonihitaji mimi. Ongeri wakati huo alikuwa anakagua mlango wa kinu cha posho kwa makini sana.

Tukashika njia ya nyumbani, mimi na mzee, kwa miguu, Emily tukamwacha nyuma na baiskeli. Nilingoja tuyapite maduka.

"Ulijua tangu lini?"

"Kujua nini?"

"Ongeri."

Akatembea kidogo. "Tangu kabla ya mahindi kuvunwa. Alikuwa anakirudisha kiti vizuri, lakini kila mara upana wa kidole kimoja chini. Namalizia mwenyewe."

"Na ukaendelea kukikalia?"

"Sikuona mtu akikikalia," akasema. "Wewe uliona?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya ua wa watu. Kumbe mwaka mzima wawili hawa walikuwa wakifanya funika kombe mwanaharamu apite, huyu anashusha, huyu anapandisha, kila mmoja akimstahi mwenzake, na heshima yao ndiyo iliyoipasua fremu. Nilimwambia hivyo. Akasema chuma cha siku hizo kilikuwa imara, ingekuwa baiskeli ya sasa wangeivunja kwa wiki.

"Na kanisani utakwendaje?"

"Si nitakwenda na wewe? Miaka yote unatembea, nami nakupita njiani nikikupigia kengele." Aliona haya kidogo kulisema hilo, nami niliona haya kulisikia, katika umri wetu. Nikamshika mkono mpaka tulipoona watu.

Tulikuwa tumefika pale njia inapopita juu ya kilima, mashamba ya majani chai pande zote mbili, ndipo niliposikia mnyororo nyuma yetu. Nikageuka. Ni Emily, amekaa kitini wima, anaendesha vizuri sana, leso inapepea. Alikuwa anawahi mashambani kabla wenye ndizi hawajawauzia wengine. Halafu akatuona. Mke wa mwana hawezi kumpita baba mkwe amekaa juu ya kiti, na juu ya kile, zaidi. Nikasikia breki zikikwaruza, nikaona mguu wake mmoja ukitafuta chini. Angeshuka, angesukuma nyuma yetu mpaka nyumbani, na kesho vilevile, na keshokutwa.

Ongeri hakugeuka. Lakini alisimama. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani ya kando na viatu vyake vizuri, akaipa mgongo njia nzima na kulikabili shamba la jirani, mikono kaifunga nyuma kama mkaguzi.

Breki ziliachiwa. Mnyororo ukapita nyuma ya mgongo wake, haraka, ukaenda zake mbele yetu mpaka usisikike.

"Majani chai ya Osoro yamestawi mwaka huu," mzee akasema, akiwa bado anayatazama.

Nikamwambia ni kweli, yamestawi.