Wingu la Fundi wa Mapaa

Tangu kiharusi kilipompiga fundi wa mapaa, miezi mitano iliyopita, kinywa chake kilibaki na neno moja tu: wingu. Ndilo alilokuwa akilitamka asubuhi ile juu ya ngazi, akikisia kama mvua itamwacha apige bati, na ndilo aliloanguka nalo. Maneno mengine yote, pamoja na matusi yake yaliyovuma mtaa mzima, yalikwenda na maji.

Mkewe hakukubali kushindwa na neno moja. Alitega sikio mchana na usiku, na baada ya wiki chache alishajua. Wingu la chinichini, lenye swali mwishoni, lilikuwa maji ya kunywa. La kuvutwa lilikuwa bega linauma. Mawili ya harakaharaka, redio ifunguliwe. Jirani mmoja mpiga domo alipoganda kwao kutwa nzima, fundi alimtolea wingu moja kavu, na mkewe akatafsiri bila kupepesa macho: "Anasema asante kwa kuja, salimia nyumbani." Lilikuwa tusi, tena lile zito la kwenye mapaa.

Leo hakukuwa na mzaha. Daktari alisimama pembeni ya kitanda cha hospitali, karatasi mkononi.

"Mshipa wa shingo umeziba karibu wote," alisema. "Tukipasua na kuusafisha, anaweza kuishi miaka mingi. Anaweza pia asiamke. Tukiuacha, kiharusi cha pili hakiko mbali. Lakini akili zake anazo. Nataka ridhaa yake mwenyewe."

"Si atikise kichwa tu?" aliuliza kaka mkubwa wa fundi, aliyekuwa ameegemea dirisha.

"Anatikisa kwa kila kitu. Jana nilimwuliza kama yeye ni bibi harusi, akakubali." Daktari alimgeukia mke. "Manesi wanasema wewe ndiye unayemwelewa."

Kisha alimwinamia mgonjwa, akamweleza yote polepole, mara mbili. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtazama daktari wala kaka yake. Alimtazama mkewe.

"Wingu," alisema.

Hili mkewe alilijua vizuri. Alilisikia kila jioni tangu alipolazwa, wageni wakishaondoka, fundi akiutazama mlango. Hapana. Nirudishe nyumbani.

"Anasemaje, shemeji?"

Mke alishika ukingo wa kitanda. Miaka ishirini na sita amelala ubavuni mwa mtu huyu, akimfokea kwa matope ya viatu na kumngoja arudi mzima kila palipokuwa na paa refu. Hakutaka kuwa mjane. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, wala tusilipambe.

"Amekubali," alisema.

Kaka mtu alishusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja. Daktari aliweka karatasi juu ya kimeza, akampa mke kalamu asaini.

Fundi hakukunja uso wala kupiga kitanda kwa mkono wake mzima. Alishangaa tu kidogo. Haijapata kutokea mkewe asimwelewe; basi alidhani kosa ni lake, kwamba hakutamka sawasawa. Alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akarudia lilelile, taratibu, wazi zaidi, ili amsaidie.

"Wi-ngu."

"Na hilo?" aliuliza daktari.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mke aliitazama kama kitu cha mtu mwingine, kisha akaiweka chini.

"Nimedanganya," alisema. "Hataki. Anataka nyumbani."

"Shemeji!" Kaka mtu aliruka kutoka dirishani. "Unataka kumwua? Neno si lilelile? Mwambie daktari lile la kwanza. Nani atajua?"

"Yeye."

Daktari alichukua karatasi yake.

Mke alipiga magoti, akavuta viatu vya fundi kutoka uvunguni. Machozi yalimzuia kuona, akauvika mguu wa kushoto kiatu cha kulia, akakivua kwa nguvu, akaanza upya. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, ya kutaka kumtikisa mabega.

"Wingu," fundi alimwambia.

"Nyamaza wewe," alisema, akikaza kamba. "Nilikusikia tangu mara ya kwanza."